Vunja Mshono Wako Mwenyewe

Hotuba kwa wanafunzi wapya wa darasa la jioni la kuchomelea na familia zao, jijini Tanga

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi wadogo zangu mliojiandikisha, habari za jioni. Poleni na kazi za mchana. Wengi wenu mmekuja hapa moja kwa moja kutoka kazini: bandarini, gereji, sokoni, na wengine pikipiki zenu za bodaboda ziko hapo nje, injini hazijapoa. Ahsanteni kwa kuwasubiri wenzetu wamalize sala ya Magharibi.

Nimeombwa niseme machache kabla mashine hazijawashwa. Nina jambo moja kubwa, na mengine nitakayosema ni ya kulisindikiza. Hapa mtafundishwa kuunganisha chuma. Lakini kazi mtakayoifanya mno katika wiki za mwanzo ni kuvivunja vile mlivyoviunganisha. Kila mshono wa mazoezi utaubana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, utaugonga kwa nyundo mpaka ukatike au upinde, kisha utainama uangalie ndani. Mzazi akipita hapa jioni akamkuta mwanawe anapigapiga kipande alichotoka kukichomelea sasa hivi, asidhani watoto wanachezea vifaa. Hilo ndilo somo lenyewe.

Nieleze sababu. Tanga ina mafundi wengi wa kuchomelea. Ukishuka Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, huvuki nyingi kabla hujasikia grainda ikilia. Wanatengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda, madawati ya shule, maguta, matela ya kubebea magunia. Nawaheshimu sana. Ndio walioushika ufundi huu mjini, na wamewafundisha vijana wengi bila kuwadai ada. Ila wengi wao walijifunza kwa njia moja: kusimama pembeni ya fundi, kumshikia chuma, kumletea rodi, ile fimbo nyembamba ya chuma yenye koti la unga inayoyeyuka kuwa mshono, mpaka siku moja fundi akachoka au akaenda kula, akasema haya, malizia wewe. Na siku hiyo kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya mteja.

Hapo ndipo penye pengo. Geti la mteja huwezi kulivunja ili uone ulichokifanya. Unaligonga magamba yaliyoganda juu ya mshono, unalipiga brashi ya waya, unapaka rangi, linaondoka. Kesho linakuja jingine. Mtu anaweza kuchomelea miaka na miaka, akawa na mkono mwepesi na wateja wengi, na asiwe ameona hata mara moja ndani ya mshono wake kukoje. Anajua sura yake ya nje tu. Darasa la jioni lina utajiri mmoja ambao karakana ya mtaani haina, nao ni vipande visivyo na mwenyewe. Hakuna mteja anayevisubiri. Tuvitumie.

Sasa tuangalie kinachotokea rodi inapogusa chuma, maana bila kuelewa hapo, kuvunja kutakuwa kelele tu. Mashine inachukua umeme wa ukutani wa volti 230, inaushusha volti, yaani msukumo wake, na kuupandisha amperi, yaani wingi wa umeme unaopita. Wakati unachomelea, kwenye ncha ya rodi kuna volti ishirini na kitu, lakini amperi ni nyingi. Kwa rodi ya milimita 2.5 tutaanza na kama 70 hadi 80. Ukiikwaruza ncha juu ya chuma na kuiinua kidogo, umeme unaruka ule mwanya, na joto la pale hupita digrii 3,000. Chuma chetu cha kawaida kinayeyuka kwenye digrii 1,500 hivi. Kwa hiyo ncha ya rodi inayeyuka, na chuma cha pande zote mbili kinayeyuka nayo, vinachanganyika, vinapoa pamoja. Ukifanya sawasawa, mpaka uliokuwepo kati ya kipande hiki na kile haupo tena. Ukikosea, rodi imeyeyuka peke yake ikamwagika juu ya chuma kilichobaki kizima chini yake, na mtazamaji wa nje hawezi kuzitofautisha kazi hizo mbili.

Ule unga uliokaushwa nje ya rodi una kazi mbili. Ukiungua unatoa gesi inayoifukuza hewa pale chuma kilipoyeyuka, kwa sababu oksijeni na naitrojeni zikiingia mshono unajaa vitundu na kuwa mkavu wa kukatika. Sehemu nyingine ya unga huo inaelea juu na kuganda, ndiyo magamba yanayoufunika mshono wakati unapoa. Rodi yenye koti ni kazi ya Msweden mmoja, Oscar Kjellberg, aliyekuwa akihangaika na ukarabati wa meli na boila zake katika mji wa bandari wa Göteborg. Mwaka 1904 alianzisha kampuni yake, na mwaka 1907 akapata hataza ya rodi iliyopakwa. Kabla yake watu walichomelea kwa waya mtupu, na mishono ilikuwa dhaifu. Napenda watu wa Tanga wajue kwamba kifaa hiki kimetokana na shida za bandari, tena shida zile zile tulizonazo sisi: maji ya chumvi, kutu, chuma kinachovuja.

Na kwa kuwa tuko pwani, koti la rodi lina adui wake hapa, nao ni unyevu. Ukiacha pakiti wazi usiku kucha kwenye hewa yetu, kesho yake moto unarukaruka, cheche zinazidi, na mshono unatoka na vitundu. Funga pakiti, iweke pakavu. Zile rodi za aina yenye namba 7018 zinazotumika kwenye kazi nzito zina masharti makali zaidi. Zinatunzwa kwenye oveni zikiwa za moto, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye koti lake hugeuka haidrojeni ndani ya mshono, na haidrojeni huleta nyufa zinazoweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi kupoa na fundi kwenda nyumbani kulala. Sisi tutaanza na rodi namba 6013, isiyo na makuu. Ile 60 inasema nguvu ya mshono, pauni 60,000 kwa inchi moja ya mraba. Ile 1 inasema rodi inafaa kwa mikao yote: chini, ukutani, wima, na juu ya kichwa.

Sasa macho yako yaangalie wapi? Anayeanza huangalia mwanga. Ni haki yake, mwanga unavuta. Lakini habari zote ziko nyuma tu ya mwanga, kwenye kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Jioni za kwanza hutakiona. Utaona giza, kisha mng'aro, kisha giza, na rodi itanata. Ikinata usiogope, ikunje kwa nguvu upande ivunjike na uanze tena. Baada ya muda jicho linatulia. Utaanza kuuona ukingo wa mbele wa dimbwi ukitambaa, na utaona kama umelowesha vipande vyote viwili au umekaa kwenye kimoja tu. Ukiwa umelowesha vyote, endelea. Ukiwa umeegemea upande mmoja, geuza ncha ya rodi kidogo kuelekea upande ulionyimwa. Usikimbie kuliko dimbwi. Weka mwanya kati ya ncha na chuma usiozidi unene wa waya wa rodi wenyewe. Sikio nalo lisikilize: mlio mzuri ni wa kukaanga, mfululizo, haukatiki wala haurushi. Mlio ukianza kupasukapasuka na kuvuma, mwanya umekuwa mrefu.

Na sasa kipimo chenyewe. Nakieleza polepole, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikubali kusimama hapa.

Chukua vipande viwili vya flati ba, yaani chuma bapa, vya unene wa milimita 6, urefu wa kama sentimita 10. Kimoja kilaze mezani. Cha pili kisimamishe juu yake katikati, mpate herufi T iliyopinduliwa. Kishikize kwa nukta ya mshono ncha hii na ncha ile, kisha chomelea upande mmoja tu wa ile kona, mwanzo mpaka mwisho. Upande wa pili uache mtupu. Subiri kipoe chenyewe, usikitie kwenye ndoo ya maji. Gonga magamba. Piga brashi. Hapo mshono unaweza kupendeza kweli kweli, mistari yake imepangana kama ukili uliosukwa na mkono wa bibi aliyesuka mikeka maisha yake yote. Usiusifu bado.

Bana kile kipande cha chini kwenye jiliwa. Simama upande ule mtupu, usio na mshono, ukigonge kile kilichosimama kwa nyundo kubwa ili kilalie upande wa mshono. Unapofanya hivyo unafungua mzizi wa mshono, ile kona ya ndani kabisa ambako moto hufika kwa shida. Mshono mzuri utakataa. Chuma kitapinda, kitalala, na mshono utabaki umeshika. Mshono wa kawaida wa mwanafunzi utakatika, na hapo ndipo sote tunasogea na tochi.

Tunaangalia nini? Tazama ile kona ya chini. Ukikuta ukingo wa kipande uko vile vile ulivyokatwa, umenyooka, bado una rangi ile ya samawati nyeusi ya kiwandani, ujue hapo chuma hakikuyeyuka kamwe. Mshono wako ulivuka juu yake kama mpita njia, haukushika kitu. Sababu kubwa ni tatu: amperi ndogo, mwanya mrefu, au ulikimbia. Ukikuta mstari mweusi unaong'aa umelala ndani, hayo ni magamba yaliyofungiwa. Ama ulipiga mshono wa pili bila kusafisha wa kwanza, ama uliielekeza rodi vibaya dimbwi likameza uchafu wake. Ukikuta vitundu, uliza kuhusu unyevu, kutu, rangi na mafuta. Chuma hakikusafishwa, au rodi imelala nje. Na ukikuta uso wa kijivu uliochanika wenye chembechembe ndogo, toka mwanzo mpaka mwisho, bila doa, basi chuma chako kimechanika kwa haki, kimepigana. Huyo tunampigia makofi, na tunapandisha unene wa chuma.

Katika kundi lililopita alikuwepo dada mmoja anayeuza samaki kule soko la Deep Sea. Kila kipande alichokivunja alikiandikia kwa chaki: amperi ngapi, rodi gani, alikimbia au alitambaa. Kisha akavipanga kwenye ubao ukutani, kibaya kushoto, kizuri kulia. Hakuambiwa na mtu. Baada ya majuma machache ukuta ule ulikuwa unafundisha kuliko mimi, maana ukisimama mbele yake unaona kwa macho amperi zikipanda na ile kona ya chini ikianza kuyeyuka, halafu zikizidi unaona mfereji umechimbika kandoni mwa mshono, chuma kimeliwa kimekuwa chembamba. Vipande vile bado viko pale nyuma yenu. Nendeni mkavitazame, vishikeni, havivunjiki tena zaidi ya hapo. Kuanzia kundi hili kila mwanafunzi atakuwa na chaki yake.

Wapo watakaosema, haya yote kwa ajili ya grili ya dirisha? Niwajibu kwa habari ya meli, sisi ni watu wa bahari. Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliunda meli nyingi mno kwa haraka, na badala ya kuzipiga ribiti, ile misumari minene ya kushikanisha mabamba, kama zamani, ilizichomelea. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon. Maji yalikuwa yametulia, hapakuwa na dhoruba wala bomu. Ikapasuka karibu vipande viwili, ufa ukakata sitaha na ubavu huu na ubavu huu. Lawama za mwanzo zikawaangukia wachomeleaji. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha mengi zaidi: chuma cha enzi ile kilikakamaa kwenye baridi, na nyufa zilianzia penye kona kali na penye kasoro za mishono.

Somo ninalolitaka mimi kwenye habari ile ni hili. Meli ya ribiti ni mabamba mengi yaliyoshikana, ufa ukianza kwenye bamba moja mara nyingi hufia kwenye ukingo wake. Meli ya kuchomelewa ni chuma kimoja, ufa ukipata njia hauna pa kusimamia. Unapochomelea unavifanya vitu viwili kuwa mwili mmoja, kwa hiyo na udhaifu wa kona moja unaupa ruhusa ya kutembea mwili mzima. Tela la kubebea mawe ya Pongwe ni hivyo hivyo. Ngazi ya chuma inayopanda ghorofa ni hivyo hivyo. Kiti cha shule kinachokaliwa na mtoto wa darasa la pili ni hivyo hivyo. Anayekaa hajui kuna nini chini ya rangi. Wewe ndiye unayejua, au unayepaswa kujua.

Na chini ya rangi, jamani, kuna mambo. Nitasema wazi, kwa sababu linaniuma. Utamkuta fundi amelishikiza geti kwa nukta nukta, hapa na hapa, halafu nafasi zilizobaki amezijaza puti, akapiga msasa, akapaka rangi ya dhahabu kwenye maua. Linapendeza. Kwa mji wa bara pengine litadumu kidogo. Hapa kwetu upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka jikoni. Chumvi na maji vinaingia kwenye ule mwanya ulio nyuma ya puti, havikauki, na kutu inaanza ndani pasipo mtu kuiona. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, basi inajisukuma, puti inabanduka, na nukta zile zinang'oka moja moja. Mwenye nyumba anaona mstari mwekundu unachuruzika ukutani, anadhani ni rangi mbaya. Hapa mshono wa nje tutaufunga wote, mwanzo mpaka mwisho, maji yasipate mlango.

Tena kuna wale wanaochukua grainda na kuusawazisha mshono mpaka upotee. Mteja anapenda, anapitisha kidole, laini. Lakini nguvu ya mshono wa kona iko kwenye unene wake, ukiusaga umeuondoa. Ukiona mtu anasaga kila mshono wake, muulize anaficha nini. Kama kazi ni ya kusagwa kweli, basi kwanza mzizi uwe umeyeyuka sawasawa, na hilo limepimwa kwa kuvunja.

Nije kwenye usalama. Nitasema machache lakini haya hayana mjadala.

Macho. Mwanga wa kuchomelea una mionzi inayounguza uso wa jicho. Huumii pale pale. Unaenda nyumbani, unakula, unalala, na usiku wa manane unaamka macho yamejaa mchanga usiotoka, machozi yanabubujika, taa huwezi kuitazama. Mara nyingi hupoa ndani ya siku moja au mbili, lakini mtu anayejichoma kila wiki anacheza na macho yake. Miwani ya jua haizuii. Kioo cha ngao kiwe namba 10 au 11 kwa kazi zetu hizi. Anayeshika chuma pembeni naye avae, maana wasaidizi ndio wanaoumia zaidi. Na watoto wanaosimama mlangoni kutazama cheche, tuwafukuze kwa upole. Ndiyo maana tumetundika mapazia mazito pale. Macho yakiuma nenda kituo cha afya, viazi na maziwa viacheni jikoni.

Moshi. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuingiza moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kichwa kisiwe juu ya moshi. Meza zetu zimewekwa ubavu kwa upepo, kusi likivuma au kaskazi, moshi ukatize mbele yako uende zake. Ukiona unakujia usoni, hama wewe.

Kisha hili la zinki, nalisisitiza kwa sababu ni la hapa kwetu hasa. Kwa ajili ya chumvi, watu wa Tanga wanapenda mabomba yaliyopakwa zinki, na wana haki. Lakini zinki huchemka kwenye digrii 907, chini sana ya joto la chuma kuyeyuka, kwa hiyo ukiichomelea inapanda kuwa moshi mweupe mzito. Ukiuvuta, baada ya saa kadhaa unapata baridi, homa, kichwa, viungo vinauma, mdomoni kuna ladha ya chuma. Nani hapa hatasema ni malaria? Anameza dawa za malaria, kesho yake au keshokutwa amepona, na anaamini dawa imefanya kazi, kumbe homa ya moshi huondoka yenyewe kwa muda huo huo. Jumatatu anarudi kwenye mabomba yale yale. Mkipata homa, pimeni damu kwanza, msikisie, maana malaria nayo ipo na inaua. Na mwambieni daktari mlikuwa mnachomelea nini. Dawa ya kweli ni kuisaga ile zinki sentimita chache kila upande kabla ya moto, na ukimaliza upake rangi yenye zinki pale ulipopaacha uchi. Maziwa hayazuii moshi. Kunyweni kwa sababu ni matamu.

Mapipa. Pipa, tangi au dumu la chuma lililowahi kubeba petroli, dizeli au spiriti halichomelewi hapa. Hata likiwa limekaa tupu mwaka mzima. Hata likiwa limeoshwa kwa sabuni. Mvuke uliojificha kwenye mikunjo unatosha kulilipua. Anayeleta kazi hiyo mwambieni imekataliwa, mnitaje mimi.

Najua wazazi wengine wamekuja na swali la Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko katika ardhi yetu, mpaka linapoishia hapa Tanga. Toka marais wa nchi zote mbili walipoweka jiwe la msingi pale Chongoleani mwaka 2017, kila kijana mwenye mashine ya kuchomelea ameliota. Sitawadanganya. Darasa la jioni halimpeleki mtu kwenye bomba la inchi 24. Kazi ile ina mitihani yake, bomba linafungwa limeinama digrii 45 na wewe unalizunguka bila kuligusa lilipo, na mshono unapigwa picha kwa mionzi au kupimwa kwa mawimbi ya sauti. Ila angalieni wanachofanya: wanautazama mshono kwa ndani. Nyundo yetu na mashine yao zinauliza swali moja. Kijana aliyezoea kuulizwa hapa hatatetemeka akiulizwa kule.

Njia ya kupanda ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanatoa mafunzo ya madaraja, la kwanza hadi la tatu, na wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia mtaani, bila kumlazimisha aanze upya. Nawasihi hata mafundi wazoefu waliokuja leo kutusikiliza, waufuate utaratibu huo. Na ninyi kaka zangu wa Ngamiani, milango ya darasa hili iko wazi kwenu jioni yoyote. Njooni na kipande chenu, tukivunje pamoja. Hakuna atakayecheka, nimeshawakataza wanafunzi, na mwenye kucheka atafagia karakana.

Kwa dada zangu neno moja tu, kwa kuwa hamhitaji hotuba ndefu. Kazi hii inataka mkono uliotulia na jicho lenye subira. Misuli mikubwa haina nafasi maalumu kwenye kuongoza dimbwi la upana wa ukucha. Anayeambiwa nyumbani kuwa hii ni kazi ya kiume aje na huyo anayemwambia, nitamwonyesha ule ukuta.

Basi, kesho tunaanza saa moja na nusu usiku. Vaeni shati la mikono mirefu la pamba au jinzi, suruali isiyo na mkunjo kwa chini, kwa sababu cheche hupenda kuingia kwenye mikunjo, na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Nguo za nailoni na poliesta ziacheni nyumbani, zikishika moto zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Wanaovaa hijabu wavae ya pamba, ifungwe ndani ya kola. Msije na kiberiti cha gesi mfukoni. Ngao, glavu na rodi viko hapa. Jioni ya kwanza mtakata flati ba, mtasaga kutu, mtashikiza, na kila mmoja atapiga mshono mmoja. Keshokutwa mtaivunja yote.

Anayetaka kuuliza kuhusu ada au siku za mitihani amwone katibu pale mezani. Anayetaka kuuliza kuhusu chuma, anyooshe mkono sasa.